Mdogo wangu, pikapu yake na lile daftari

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku, wiki ya tatu tangu achukue gari. "Kaka umelala? Mi nadhani nimekosea." Moyo ukanishuka, nikajua kuna ajali. Hakuna ajali, gari imepaki nje nzima haina hata mchubuko, ila yeye yuko kitandani macho makavu anapiga hesabu za kitu ambacho ameshakilipia. Na huyu ni mtu yuleyule ambaye wiki tatu nzima alikuwa ananitumia picha za hiyo pikapu asubuhi, mchana na jioni, imeoshwa, ina matope, kutokea mbele, kutokea ubavuni. Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa sababu nimekaa nacho miezi 14 sasa, siku ya kununua nilikuwepo, na ushauri alipewa na mimi, kwa hiyo kilichoharibika na kilichonyooka vyote vinanihusu.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mdogo wangu ni fundi samani, anatengeneza makabati, meza, vitanda. Ana mke na watoto watatu. Alikuwa na gari ndogo ya familia, ile aina ya saluni, na kila akienda kuchukua mbao inabidi akodi gari ya mtu, na kukodi kulikuwa kunamuuma sio kwa hela tu, ni kule kusubiri, unaambiwa gari inakuja saa mbili inafika saa sita na wewe umekaa juu ya mbao kama mlinzi, mteja anapiga simu, siku imekufa. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa inatosha gari moja, na ili aipate ilibidi saluni iuzwe. Kwa hiyo gari moja, kazi mbili. Naomba msomaji alishike hili maana mengine yote yametokea hapo.

Akachukua dabo kebini, yaani pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, ya dizeli, imetumika, gia za mkono, foo wili, ile inayovuta kwa tairi zote nne. Palikuwa na singo kebini, yenye viti vya mbele tu, pembeni yake, ya kampuni hiyohiyo, injini hiyohiyo, hali nzuri tu, akawa anaiangalia angalia, mimi nikamwambia "achana nayo hiyo, watoto utawaweka wapi, chukua dabo kebini ubebe familia na mbao humohumo." Ukiisikia hiyo sentensi inaingia akilini vizuri sana. Shida yake ni kwamba kati yetu sisi wawili, mmoja fundi samani anayetembea na tepu kiunoni kila siku ya Mungu, hakuna aliyeitoa hiyo tepu akapima bodi la nyuma, pale mzigo unapokaa.

Lilipimwa siku ya mzigo wa kwanza. Alienda kuchukua plaiwudi nne, zile za kawaida, upana sentimita 122 urefu 244. Nilimsindikiza. Tumefika tumeshusha mlango wa nyuma, vijana wamebeba ubao wa kwanza wakausukuma ndani, ukaingia ukagota. Haukulala. Ulikaa juu ya zile nundu mbili za tairi kwa sababu nafasi kati ya nundu na nundu ilikuwa sentimita 110 na kidogo, na ubao ni 122, halafu kwa urefu bodi lenyewe ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo karibu sentimita 90 za ubao zilikuwa zimening'inia nje juu ya mlango ulioshushwa. Mdogo wangu akaweka kiganja kwenye ncha ya ubao akaibonyeza, mbele kukainuka, akaachia, kukashuka. Akabonyeza tena. Hakusema kitu. Tulifunga kamba, tukafunga na kitambaa chekundu kwa nyuma, tukaondoka mwendo wa pole, na njia nzima alikuwa anaangalia kioo cha nyuma kuliko anavyoangalia barabara.

Sasa hizo si kasoro za gari yake peke yake. Dabo kebini nyingi za ukubwa huu bodi lake linacheza kwenye mita 1.5, singo kebini ya aina hiyohiyo inafika mita 2.3 hivi, maana chesisi inakaribiana urefu na kinachobadilika ni nani kapewa nafasi, abiria au mzigo. Ukiongeza viti vya nyuma umekata bodi, hakuna namna. Na uzito nao ni vilevile, watu wanasema "pikapu ya tani moja" wakadhani ni tani moja ya mzigo juu ya kila kitu, kumbe ile ruhusa inahesabu na watu waliokaa ndani, ukiwa na watu wazima watano umeshakula kama kilo 350 kabla hujaweka hata msumari. Miezi michache baadaye jirani alimwomba ambebee mchanga, vijana wakajaza mpaka kwenye kingo. Bodi kama lile likijaa linakaribia mita moja ya ujazo, na ujazo huo wa mchanga mkavu ni kama tani 1.6, na ule ulikuwa umenyeshewa usiku kucha. Aliniambia usukani ulikuwa mwepesi kama hauna tairi mbele na taa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Alisimama akamwaga karibu nusu pembeni kwa koleo, alifanya la maana sana, na jirani alinuna.

Lakini nisipoandika na upande wa pili nitakuwa namdanganya msomaji, kwa sababu furaha ilikuwepo na ilikuwa ya kweli. Ile siku ya kwanza alipobeba kabati la mteja mwenyewe, kwa gari yake, akafika saa aliyosema atafika, alirudi uso umebadilika. Mteja akimwuliza "utaleta lini" yeye ndo anajibu, hamsubiri dereva wa mtu. Msimu wa mvua ulipoingia, kipande cha njia ya kwake ambacho saluni ilikuwa inalala hapo siku mbili, yeye anapita. Anakaa juu, anaona mbali. Kuna kitu kinamkaa mtu mwilini akiendesha gari inayomudu njia, mabega yanashuka, anaacha kuendesha kwa kuomba dua kila shimo. Nimemwona mdogo wangu akiwa hivyo na nilifurahi naye.

Foo wili mwanzoni aliitumia vibaya, niseme kidogo hapa kwa faida ya mwingine. Kwa furaha tu alikuwa anaiweka hata kwenye lami kavu, akikata kona anasikia tairi zinasugua na gari kama inajizuia. Zile zisizo na difu ya katikati, ile gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, zinafunga mbele na nyuma zizunguke sawa, na kwenye kona tairi za mbele zinasafiri umbali tofauti na za nyuma, kwenye tope au mchanga zinateleza kidogo mambo yanaenda, kwenye lami kavu hazina pa kutelezea, kwa hiyo mvutano wote unarudi kwenye mashafti na gia. Aliambiwa gereji akaacha, hakuna kilichovunjika.

Kilichomsumbua zaidi ni masizi. Dizeli za miaka ya karibuni nyingi zina kichujio cha masizi kwenye njia ya moshi, kinakusanya, halafu kinajisafisha kwa kuyachoma yale masizi, na ili yaungue vizuri pale ndani panatakiwa joto la kama nyuzi 600. Sasa kutoka kwake mpaka karakana ni kilomita 4. Asubuhi 4, jioni 4, injini haijapata joto imeshazimwa. Mwezi wa tano tangu anunue taa ikawaka kwenye dashibodi, gari ikawa nzito haitaki kuvuta. Fundi mmoja akamwambia tukitoe kabisa hicho kitu, mi nikasema usithubutu, nchi nyingi hairuhusiwi na ule moshi wanauvuta wanao wenyewe. Fundi wa pili alikuwa na akili, akaisafisha halafu akamwambia "hii gari umeinyima safari." Kuanzia hapo kila Jumapili anaipeleka barabara kuu nusu saa, mwendo wa kueleweka bila kusimama simama, na ile taa haijawaka tena. Lakini fikiria, mtu kanunua gari ya kazi, sasa inabidi aitafutie safari ili isiugue. Hilo lilimkera kuliko bei ya matengenezo.

Turudi kwenye zile simu za usiku maana zilikuwa nyingi. Nilichokuja kugundua ni kwamba usiku alikuwa anafanya vitu viwili vinavyopingana. Kwanza anaangalia video za watu wanaoisifia gari ya aina yake, moja baada ya nyingine, mtu kashanunua, hana cha kuamua, bado anasikiliza sifa. Hili lina watu walioliandika zamani. Mwaka 1957 Leon Festinger alitoa nadharia yake ya msuguano wa mawazo, kwamba mtu akiwa na mambo mawili kichwani yasiyopatana anapata usumbufu na atatafuta kila njia yapatane, na mwaka huohuo kuna watafiti walionyesha kwamba watu waliotoka kununua gari jipya walikuwa wanasoma matangazo ya gari waliyoinunua kuliko ya zile walizoziacha. Gari wanayo tayari! Wanasoma ili moyo utulie. Mwaka mmoja kabla yake, 1956, Jack Brehm aliwapa wanawake vitu mbalimbali vya nyumbani wavipime uzuri, akawaachia kila mmoja achague kimoja kati ya viwili, halafu wakapima tena, na kile walichochagua kikapanda na walichokiacha kikashuka. Ndivyo mtu anavyotulia kwa kawaida.

Sasa mdogo wangu alitakiwa atulie hivyohivyo. Na hakutulia, kwa sababu kitu cha pili alichokuwa anafanya usiku ni kutafuta matangazo ya singo kebini. Ile aliyoiacha ilikuwa inazidi kuwa nzuri kila wiki. Nimelifikiria sana hili na jibu langu ni kwamba wale wanawake hakuna mtu aliyewajia kila Jumanne na ushahidi kwamba walikosea. Yeye alikuwa nao. Kila akipakia plaiwudi ile ncha inaning'inia palepale, sentimita 90, anaiona kwa macho yake. Huwezi kuutuliza moyo na kitu kinachokupinga kwa tepu. Majuto yake hayakuwa ya kuzungukwa na mawazo tu, yalikuwa yana vipimo.

Ndo nikaja na wazo la daftari. Nikamwambia acha kuhisi, andika. Miezi minne, kila siku mstari mmoja, bodi lilibeba nini na ni mzigo wa nani. Kwa kweli aliandika vizuri, ni mtu wa vipimo. Siku 120. Mzigo wake mwenyewe, siku 26, na ndani ya hizo plaiwudi ni siku 9. Mzigo wa watu wengine siku 11, maana ukishakuwa na pikapu kila anayehama nyumba anakumbuka kwamba ninyi ni marafiki, na gari inarudi na mafuta pungufu na mkwaruzo ambao hakuna anayeujua. Siku 83 zilizobaki aliandika neno moja tu, "tupu".

83. Tuliliangalia lile daftari mezani tukanyamaza. Na tupu ya pikapu sio tupu ya saluni. Zile springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine zimetengenezwa zikae sawa zikiwa na mzigo, bila mzigo nyuma inarukaruka, kila tuta unalihesabu mgongoni, na unachoma mafuta kusukuma karibu tani mbili za chuma ili umpeleke mtoto mmoja shule. Mimi nikatoa hukumu yangu, nikamwambia uza, chukua singo kebini, hesabu zimesema. Akakubali. Aliweka tangazo mwezi wa tisa tangu anunue.

Mnunuzi alikuja, mtu mstaarabu, akazunguka gari, akaendesha, akarudi akataja bei ambayo haikuwa mbaya hata kidogo, pikapu zilizotunzwa huwa zinashika bei. Mdogo wangu akaanza kumweleza tairi ni mpya, kichujio kimesafishwa, turubai linaenda na gari, akapandisha bei pale pale juu ya ile aliyoiandika kwenye tangazo yeye mwenyewe. Mnunuzi akashangaa, akaaga. Kuna jaribio la Kahneman, Knetsch na Thaler la mwaka 1990, waligawa vikombe kwa nusu ya watu, waliopewa wakataka kuuza kwa bei kama mara mbili ya ile ambayo wasio na kikombe walikuwa tayari kulipa. Kikombe alichokaa nacho dakika chache. Huyu alikuwa amekaa na gari miezi tisa. Nilimwambia hivyo, nikidhani nimemaliza kesi.

Aliyeimaliza kesi ni shemeji. Alikuwa anakunja nguo pale pale sebuleni, siku zote hizo hakuna aliyemwuliza chochote, sio mimi sio mume wake, na hilo naliandika kwa uchungu kwa sababu nusu ya ile gari ilinunuliwa kwa ajili yake na watoto. Akasema, "Shemeji, naomba hilo daftari." Nikampa. Akafungua kurasa, akatafuta tarehe, akaweka kidole. "Hii hapa. Usiku ule wa mvua mtoto wetu mdogo alipopandisha homa mpaka akaanza kushtuka, tukatoka sisi watano maana wale watoto wakubwa hatukuwa na wa kumwachia, tukapita kwenye lile tope tukafika hospitali. Hapa mmeandika tupu."

Nikaisoma. Kweli, kwa mwandiko wa mdogo wangu, tupu.

Akaendelea, hajapandisha sauti. "Bodi ndo lilikuwa tupu. Viti vilikuwa vimejaa. Mmehesabu mbao, watoto hamjawahesabu." Mdogo wangu akainamisha kichwa, akamwambia "nisamehe mama," naye akarudi kwenye nguo zake. Jioni ile tukakaa wote watatu tukapitia zile siku 83 moja moja, shemeji anakumbuka nani alikuwa wapi, na tukaongeza safu ya pili. Siku 61 kati ya hizo 83 viti vya nyuma vilikuwa na watoto, wawili au watatu. Siku za kweli za tupu, yeye peke yake na chuma chake, zilibaki 22.

Kwa hiyo uchambuzi wangu wa kwanza ulikuwa mbovu na nauondoa. Nilipima kuridhika kwa kipimo cha mzigo kwa sababu neno pikapu linamfanya mtu aangalie nyuma, na ile raha ya familia kwenda pamoja haipigi kelele, hakuna anayeipiga picha wala kuiandika, wakati ubao unaoning'inia unapiga kelele kila wiki. Singo kebini ingemwondolea majuto ya siku 9 ikamletea ya siku 61, na haya ya pili yangeangukia kwa mtu mwingine. Usiku ule wa homa nani angebaki kwenye mvua? Swali hilo halikuwemo kabisa kwenye hesabu zetu za mwanzo.

Tangazo lilishushwa. Zile siku 9 tulizishughulikia kama tatizo la siku 9, sio la gari zima. Akatengenezewa keria ya chuma, miguu yake imefungwa kwenye bodi sio kwenye paa, hilo alilisisitiza mwenyewe, kwa sababu plaiwudi moja ya milimita 18 ina kama kilo 30, nne ni 120, na paa za magari mengi hazikubali kilo zaidi ya 100 gari ikiwa inatembea. Ubao sasa unapita juu ya kebini umelala wote, hakuna ncha inayocheza. Ila mzigo ukiwa juu kona zinataka heshima, na upepo wa pembeni nao unasikika. Akiwa na kazi kubwa ya plaiwudi kumi au kumi na tano anakodi lori kama zamani, mara moja kwa miezi miwili hivi, na safari hii haimuumi. Mizigo ya marafiki anaendesha mwenyewe au haiendi, na mafuta yanawekwa kabla.

Majuto hayajaisha yote, nisidanganye. Akiona singo kebini imepakia mbao zimelala sawa mlango wa nyuma umefungwa, anageuza shingo mpaka inapotea. Kuipaki mjini ni kazi, mita 5.3 sio mchezo. Na safari ile ya Jumapili ya kuchoma masizi bado ipo, ila siku hizi wanaenda wote, watoto ndo wanaidai.

Juzi simu imelia tena saa tano usiku, jina lake. Nikapokea nimeshajiandaa. "Kaka umelala? Ile kamba yako ndefu iko wapi, nina vitanda viwili vya kupeleka kesho alfajiri."